Uendelevu wa nani? Sera ya ustawi wa jamii na mtu anayebisha hodi

Kikao chochote cha kupanga mpango wa ustawi wa jamii hufika mahali mtu akauliza, "Je, jambo hili ni endelevu?" Ukumbi hunyamaza. Mhasibu anaangalia jedwali lake, mfadhili anasubiri, afisa ustawi wa jamii anatafuta maneno. Kila mmoja hujibu swali aliloelewa yeye, kisha kikao kinafungwa watu wakidhani wamekubaliana.

Fundo liko hapo. Neno moja, uendelevu, limebebeshwa maana tatu zisizofanana, na zinapochanganywa wanaoumia ni watu ambao hawakualikwa kwenye kikao. Kwa mtu wa hazina, sera endelevu ni ile ambayo fedha zake hazitakauka. Kwa mtu wa mazingira, ni ile isiyokula leo ardhi na maji ambayo vizazi vijavyo vitahitaji, na hiyo ndiyo maana iliyoenezwa duniani mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway. Kwa afisa ustawi wa jamii, maana ni ya karibu zaidi: mtoto aliyeondolewa mwaka huu kwenye nyumba ya kipigo asirudi kwenye kipigo kile kile mwakani. Maana zote tatu ni halali. Ila ya kwanza ina sauti kubwa kuliko zote, na ya tatu karibu haisikiki, ilhali ndiyo inayoamua kama zile mbili zitamfikia mtu yeyote.

Kabla ya kwenda mbele, tutenganishe vitu vinavyorundikwa pamoja. Sera ya ustawi wa jamii ni uamuzi wa nchi juu ya nani asaidiwe, kwa sababu gani, kwa fedha za nani na kwa utaratibu upi. Ndani yake kuna hifadhi ya jamii inayotokana na michango, kama pensheni, mafao ya ugonjwa na fidia ya ajali kazini. Kuna misaada inayolipwa kwa kodi kwa wale wasioweza kuchangia: posho za watoto, wazee, watu wenye ulemavu. Halafu kuna huduma zenyewe, yaani ulinzi wa mtoto, malezi ya kambo, ushauri nasaha, usuluhishi wa familia, matunzo ya wasiojiweza. Makundi mawili ya mwanzo hugawa fedha. Hili la mwisho hugawa muda wa binadamu, na muda wa binadamu hautumwi kwa simu.

Hesabu ya Ida May Fuller

Tuanze na fedha, maana huko ndiko hofu nyingi zinakoanzia. Tarehe 31 Januari 1940, mwanamke mstaafu wa Vermont nchini Marekani, Ida May Fuller, aliandikiwa hundi ya kwanza ya pensheni ya kila mwezi chini ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935. Alikuwa amechangia kwa miaka mitatu tu, jumla dola 24.75. Hundi hiyo moja ilikuwa ya dola 22.54, kwa hiyo ya pili tu ilitosha kupita yote aliyowahi kutoa. Aliishi hadi miaka 100. Alipofariki mwaka 1975 alikuwa amepokea dola 22,888.92.

Mtu akiiona hesabu hiyo mara ya kwanza hushtuka: fedha zilizozidi zilitoka wapi? Zilitoka kwa waliokuwa kazini. Mifuko mingi ya pensheni duniani haikuwekei fedha yako kabatini ikusubiri. Michango ya wafanyakazi wa leo huwalipa wastaafu wa leo, nao wafanyakazi hao watalipwa na watakaowafuata. Ni ahadi inayopokezanwa kati ya vizazi, na kwa kizazi cha kwanza huwa na neema ya aina yake, kwa sababu wanapokea kabla ya kutoa cha kutosha. Hakuna ulaghai hapo. Lakini ahadi hiyo inasimama juu ya mambo matatu: idadi ya wanaofanya kazi, ukubwa wa mishahara yao, na imani yao kwamba zamu yao itafika.

Ujerumani ya Otto von Bismarck ilipoweka bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali mwaka 1884, kisha ya uzee na ulemavu mwaka 1889, umri wa kupata pensheni ya uzee ulikuwa miaka 70. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916. Wakati huo wachache walifika huko wakiwa hai, na waliofika hawakukaa sana. Leo watu wanaishi miaka mingi baada ya kustaafu, na katika nchi nyingi wanazaa watoto wachache. Mfuko ukipungukiwa, serikali ina njia zile zile tu: kuongeza michango, kupunguza mafao, kusogeza mbele umri wa kustaafu, kupanua idadi ya wachangiaji, au kuchota kwenye kodi nyingine. Kila moja ina mtu wa kulalamika. Sweden, katika mageuzi ya pensheni yaliyoanza miaka ya 1990, iliamua kuifunga breki ndani ya mfumo wenyewe: madeni ya mfuko yakizidi mali zake, ongezeko la pensheni hupunguzwa kwa kanuni, bila kusubiri wanasiasa. Mwaka 2010, baada ya msukosuko wa fedha duniani, breki hiyo ilikaza kwa mara ya kwanza na wastaafu wakaona malipo yao yakishuka. Mfuko ulisalimika. Kama huo ni uendelevu au siyo, inategemea unamuuliza nani kati ya mtunza mfuko na mstaafu anayeishi peke yake.

Chile ilichukua njia nyingine. Mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi, ilianzisha akaunti binafsi za pensheni zinazosimamiwa na kampuni, kila mfanyakazi ajiwekee chake. Kwenye karatasi ulikuwa uendelevu mtupu, kwa kuwa hakuna kizazi kinachomdai kingine. Miaka ikapita, na ikaonekana kwamba waliofanya kazi za vipindi vipindi, waliojiajiri wenyewe, na wanawake walioacha ajira ili kulea, akaunti zao zilikuwa na kiasi kidogo mno. Mwaka 2008 serikali ya Michelle Bachelet ikalazimika kuanzisha pensheni ya mshikamano inayolipwa kwa kodi. Mzigo ulikuwa haujaondoka. Ulikuwa umehamishiwa kwa watu wasio na mgongo wa kuubeba, mpaka wakashindwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaozungumzia uendelevu wa fedha kana kwamba ndio uendelevu wote. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu sita kati ya kila kumi wanaofanya kazi duniani wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mfumo wa michango ulibuniwa kwa mtu mwenye hati ya mshahara. Mkataba wa shirika hilo wa mwaka 1952, namba 102, ulipotaja matawi tisa ya hifadhi ya jamii, kuanzia matibabu hadi mafao ya warithi, ulikuwa unamwona zaidi mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana mwaka 2012 likaja pendekezo namba 202, linalotaka kila nchi iwe na sakafu: matibabu ya msingi, kipato cha msingi kwa watoto, kwa watu wazima wasioweza kujipatia riziki, na kwa wazee. Kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024, asilimia 52.4 ya watu duniani wanafikiwa na angalau fao moja. Waliobaki, takriban bilioni 3.8, hawana hata moja. Mfuko unaweza kuwa na hesabu safi kabisa kwa sababu tu watu hao hawamo ndani yake.

Mpango hufa kwa njia nyingi

Fedha zikiwepo, bado mpango unaweza kufa kwa kalamu. Mexico ilianzisha mwaka 1997 mpango wa kuzilipa familia maskini fedha taslimu kwa masharti ya kupeleka watoto shule na kliniki. Ulifanyiwa tathmini za kina tangu mwanzo, nchi nyingi zikauiga. Serikali zikabadilika na jina likabadilika nazo, Progresa ikawa Oportunidades mwaka 2002, kisha Prospera mwaka 2014, lakini kazi iliendelea. Mwaka 2019 serikali mpya ikauvunja na kuweka mipango yake. Sifa zote za kitaalamu hazikutosha kuulinda.

Linganisha na Brazili. Bolsa Família ilianza mwaka 2003, mwaka 2021 ikaondolewa na kuwekwa mpango wenye jina jingine, mwaka 2023 ikarudi kwa jina lake. Kati ya misukosuko hiyo walengwa waliendelea kulipwa. Chini ya jina kulikuwa na mizizi. Katiba ya mwaka 1988 inatamka kwamba msaada wa jamii ni wa yeyote mwenye kuuhitaji, sheria ya mwaka 1993 ikaweka utaratibu, daftari moja la kitaifa la kaya maskini likafunguliwa mwaka 2001, na mwaka 2005 ukaundwa mfumo mmoja wa huduma wenye vituo katika manispaa, vikiwa na maafisa ustawi wa jamii na wanasaikolojia. Rais anaweza kubadilisha jina kwenye kadi. Kuondoa daftari, sheria na vituo vyenye watu ndani ni kazi nyingine kabisa.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alilijua hilo mapema. Alipolaumiwa kwamba makato ya pensheni yanawaumiza wafanyakazi, alikiri kwamba kiuchumi hoja ina ukweli, lakini akasema makato yale ni siasa tangu mwanzo hadi mwisho: mtu aliyechangia anajiona ana haki, na hakuna mwanasiasa atakayethubutu kumnyang'anya. Wasomi wa Sweden, Walter Korpi na Joakim Palme, waliandika mwaka 1998 kwamba nchi zinazowalenga maskini peke yao huishia kuwapunguzia umaskini kidogo kuliko zile zinazohudumia watu wote, kwa sababu tabaka la kati halitetei kisichokuwa chake. Tafiti za baadaye zimelitilia shaka kwa kiasi, na mimi nisingeligeuza kuwa kanuni. Ila jambo moja sina wasiwasi nalo: msaada unaoitwa hisani huondoka na mtoaji, na unaoitwa haki humpa mpokeaji mahali pa kwenda kulalamika.

Sasa kuna kifo cha tatu, cha kimya, nacho ni cha miradi ya wafadhili. Mradi una miaka mitatu au mitano. Umeajiri maafisa, umenunua pikipiki, umefungua majalada. Mwaka wa mwisho linaulizwa swali la uendelevu, na jibu linaloandikwa mara nyingi ni kwamba jamii yenyewe itaendeleza kupitia wahudumu wa kujitolea. Sentensi hiyo husomeka vizuri kwenye ripoti. Ukiifuata mpaka chini, hao wa kujitolea wengi ni wanawake wenye kipato kidogo sana, wanaotakiwa kumtembelea mgonjwa, kumsindikiza mtoto polisi na kuitwa usiku, bila malipo, kwa sababu kazi hiyo inaonekana ni huruma tu. Mpango unaosimama juu ya kazi ya bure ya maskini haujawa endelevu. Umepata mfadhili mwingine asiyeweza kukataa.

Kuhusu mazingira nitasema kwa ufupi, kwa sababu mfano mzuri unajieleza. Ethiopia kwa miaka mingi iliomba chakula cha dharura karibu kila mwaka, kwa watu wale wale, katika maeneo yale yale. Mwaka 2005 ikaanza mpango wa malipo yanayojulikana mapema, na wenye nguvu za kufanya kazi wakawa wanajenga matuta, kuzuia mmomonyoko na kuvuna maji, huku wazee, wagonjwa na wajawazito wakilipwa bila kazi. Kaskazini mwa Kenya kuna mpango unaopima hali ya majani kwa picha za setilaiti, na ukame ukizidi kiwango fulani malipo huongezwa kwa kaya nyingi zaidi. Ukimlipa mfugaji kabla hajauza mnyama wa mwisho, hutahitaji kumlisha miaka mitano baadaye. Hapo mazingira, fedha na utu vinakutana mahali pamoja, na hakuna anayelazimika kuchagua.

Vidole visivyosomeka

Sasa twende kwenye ile maana ya tatu, na tusogee karibu.

Chukua bibi anayelea wajukuu watatu. Kwenye mfumo kila kitu kiko sawa: jina lipo, kaya imehakikiwa, fedha zimetoka. Siku ya malipo anafika kituoni, anaweka kidole kwenye mashine, mashine inakataa. Anapangusa kidole kwenye nguo, anajaribu tena, inakataa. Miaka ya kazi za mikono imesawazisha ncha za vidole vyake mpaka mistari haisomeki. Anaambiwa arudi mwezi ujao. Mwezi ujao ni vile vile. Mwezi wa tatu haji, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi inamgharimu kitu na hajapata kitu. Makao makuu, kwenye jedwali, pembeni ya jina lake pameandikwa "hajachukua". Mtu wa hazina akisoma hapo anaweza kabisa kudhani bibi huyu hahitaji, na kwenye uhakiki unaofuata akamwondoa.

Hakuna sera iliyoamua bibi huyu anyimwe. Sheria iko upande wake, bajeti ipo, mashine ilinunuliwa kwa nia njema ya kuzuia majina hewa. Kilichopungua ni mtu mmoja wa kuuliza, mbona bibi fulani simwoni?

Tuseme afisa huyo yupo. Anakwenda nyumbani, anabisha hodi, anakaribishwa. Haanzi na fomu. Anakaa, anaangalia. Mjukuu mkubwa yuko nyumbani siku ya shule, akiosha vyombo vya watu wengine kwa malipo. Mdogo anakohoa. Bibi anasema hawana shida, wanashukuru Mungu, kama watu wenye heshima wanavyosema kwa mgeni. Afisa anarudi mara ya pili ndipo habari ya mashine inatoka. Anajaza maombi ya kutambuliwa kwa njia nyingine, anamtafuta mwalimu mkuu, anampa bibi rufaa ya kumpeleka mtoto kliniki. Kisha anafanya jambo la nne, ambalo halimo kwenye maelezo yake ya kazi: anaandika barua juu kwamba mashine zinawakataa wazee waliofanya kazi ngumu, na kwamba katika eneo lake amewaona kadhaa.

Barua hiyo ni sera. Tangu taaluma ya ustawi wa jamii ianze imekuwa na miguu miwili. Mary Richmond, mmoja wa waanzilishi wake, aliifundisha kumsoma mtu mmoja mmoja kwa makini, hali yake, familia yake, mazingira yake. Jane Addams, aliyefungua Hull House, nyumba ya kuwahudumia majirani maskini, mjini Chicago mwaka 1889 pamoja na Ellen Gates Starr, aliona kwamba mtoto anayeumia kiwandani hatapona kwa kutembelewa tu, ni lazima sheria ya kiwanda ibadilike. Frances Perkins, aliyewahi kufanya kazi za kujitolea Hull House, ndiye baadaye akiwa Waziri wa Kazi aliongoza kamati iliyotayarisha ile sheria ya mwaka 1935 iliyomfikishia hundi Ida May Fuller. Na maelezo rasmi ya kimataifa ya maana ya kazi hii yaliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 bado yanataja mabadiliko ya jamii na ukombozi wa watu katika sentensi yake ya kwanza. Afisa asiyepeleka juu anachokiona chini amekatwa mguu mmoja.

Lakini ili aone, ni lazima afike, na hapa kuna hesabu rahisi ambayo ningependa kila mpanga bajeti aifanye kwa mkono wake. Afisa akifanya kazi siku 22 kwa mwezi na kutembelea kaya mbili kwa siku, amefikia ziara 44, na hapo hatujahesabu mahakama, vikao, ripoti wala dharura. Akiwa na majalada 20, kila kaya inaonwa mara mbili kwa mwezi. Akiwa na majalada 120, kila kaya inaonwa mara moja karibu kila miezi mitatu. Katika miezi mitatu mtoto mchanga asiyepata lishe anaweza kufika mahali asiporudi. Kwa hiyo afisa anaanza kuchagua, anawafuata wanaopiga kelele, na familia ya bibi, isiyo na malalamiko, inashuka chini ya rundo.

Kisha anachoka. Uchovu huu hautibiwi na usingizi wa siku moja. Ni ule wa mtu anayejua kitu sahihi cha kufanya na kila siku anashindwa kukifanya. Anaanza kuita watu kwa namba za majalada. Anaomba uhamisho, au anaacha. Anakuja mwingine, naye anaacha. Anayelipa ni mtoto anayetakiwa kusimulia upya yaliyompata kwa afisa wa nne, na ambaye safari hii anajibu tu "sijui", kwa sababu wale watatu wa mwanzo aliwaamini wakaondoka. Hatuna fungu la bajeti linaloandika hasara hiyo. Imani ya mtoto aliyeumizwa ni mtaji, na tunautumia kana kwamba hauna mwisho.

Jawabu linalopendwa kwa uchovu wa maafisa ni kuongeza fomu ili makosa yasijirudie, au kuweka kompyuta mahali pa mtu. Nchini Uingereza, Profesa Eileen Munro alikabidhi serikali mwaka 2011 mapitio yake ya ulinzi wa mtoto, na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba kanuni na taratibu zilikuwa zimewala maafisa muda wa kukaa na watoto na familia. Kila fomu ilizaliwa na msiba wa kweli, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuifuta. Australia ilikwenda mbali zaidi: ilitumia mfumo wa kompyuta uliogawanya kipato cha mwaka mzima kwa wastani na kuwadai wapokeaji wa misaada madeni ambayo wengi hawakuwa nayo. Baadaye serikali ikabidi irudishe fedha, na tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, ikatoa ripoti nzito mwaka 2023. Uholanzi, serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 baada ya maelfu ya wazazi kutuhumiwa kimakosa kwamba wamedanganya kuhusu posho za malezi ya watoto. Nchi hizo hazikukosa fedha wala teknolojia. Kati ya mashine na mtu palikosekana binadamu mwenye mamlaka ya kusema, ngoja kwanza, huyu ninamfahamu.

Kuhitimu, na hofu ya utegemezi

Litabaki swali ambalo husikika kila mara: mkiwasaidia hivi, si watazoea? Ni hofu ya zamani. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 ilijengwa juu yake: anayesaidiwa aishi vibaya kuliko kibarua wa chini kabisa, ili asitamani kubaki. Nyumba za kazi za wakati ule zilitenganisha waume na wake, wazazi na watoto. Zilifaulu kuwatisha watu. Umaskini wao ulibaki pale pale.

Leo tunaweza kujibu kwa ushahidi. Mchumi Abhijit Banerjee na wenzake walipitia majaribio saba ya mipango ya serikali ya kugawa fedha katika nchi sita zinazoendelea, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017 hawakuona dalili za kimfumo kwamba fedha hizo ziliwafanya watu waache kazi. Mwaka 2015 yeye na watafiti wengine walikuwa wamechapisha matokeo ya utaratibu ulioanzishwa na shirika la BRAC la Bangladesh mwaka 2002, ukajaribiwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Kaya maskini sana hupewa mali ya kuanzia, kama mifugo, posho ya muda, mafunzo, na ziara za mara kwa mara za mhudumu kwa takriban miaka miwili. Mwaka mmoja baada ya msaada kwisha, kwa ujumla familia zilikuwa bado zinakula vizuri zaidi na zina mali zaidi.

Wengi wanaoiga utaratibu huo hunakili mifugo na kuacha ziara, kwa sababu ziara ni ghali na haina picha nzuri. Ninadhani wanaacha moyo wa jambo. Mtu aliyeshindwa mara nyingi hahitaji mbuzi tu, anahitaji mtu atakayerudi wiki ijayo kumuuliza mbuzi anaendeleaje, na mbuzi akifa, amsaidie kufikiri cha kufanya badala ya kumwona mzembe. Ndiyo tofauti kati ya kaya iliyohitimu, yaani iliyofika mahali pa kujitegemea, na kaya iliyofutwa kwenye orodha. Zote mbili huhesabiwa sawa kwenye ripoti. Na wapo ambao hawatahitimu kamwe, kama mzee wa miaka 85 au mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kumuuliza huyo lini atajitegemea ni kumkosea adabu. Kwake uendelevu maana yake ni malipo yasiyokatika na mlango unaobishwa.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye kile kikao, swali lile likaulizwa, omba uoneshwe bajeti, kisha ruka ukurasa wa jumla kuu. Tafuta kifungu cha usafiri wa kutembelea kaya. Tafuta saa za msimamizi mwenye uzoefu kukaa na afisa na kuzungumza naye juu ya mashauri yanayomlemea. Angalia kama nafasi ya afisa imo kwenye ikama ya serikali, au inaishia siku ambayo mradi unaishia. Kiasi kikipungua katikati ya mwaka, usafiri ndio hukatwa kwanza, kwa sababu kompyuta ikikosekana ofisi nzima hulalamika, na ziara isipofanyika anayejua ni bibi peke yake, na yeye atasema hawana shida.